Pimamaji ya Simu Kwenye Chai ya Mama

Kijiji sitakitaja, jueni tu ni huku juu ukishapita Kapsoit, kwa sababu wa huko wanaijua hadithi hii kuliko mimi na nyinyi wengine hamna haja ya kuja kuona. Nimeshawahi kuaibika (kanisani niliwahi kuanguka na kikapu cha sadaka), lakini aibu zingine hupoa. Hii haijapoa.

Kwanza mnijue. Mimi vikombe vikipangwa mezani mishikio ikiangalia pande tofauti siwezi kunywa mpaka niishike mmoja mmoja niigeuze. Ujumbe wa "niko njiani" nauandika mara tatu na nikishautuma nausoma tena. Chuo sikwenda, yote ninayojua nimejifundisha kwa simu, kutengeneza redio, kuchanja kuku, hata kufunga tai. Kwa hivyo kikundi chetu cha vijana kilipopata mashine ya kuchuna majani chai, ile ya watu wawili, mmoja upande huu wa mstari na mwingine upande ule, na wakatafuta wa kuionyesha kijiji, mkono wangu ndio uliopanda kwanza, na shamba nililolitoa likawa la Mama.

Sasa, Mama na wenzake watano walikuwa wanachuniana kwa zamu tangu kabla sijazaliwa. Leo kwetu, kesho kwa Mama Chebet jirani yetu, kesho kutwa kwa mwingine, na siku nzima ni kupiga domo kutoka mstari hadi mstari, mikono inachuna na midomo inachuna. Wiki ile zamu ilikuwa inaanzia kwetu, mvua ilikuwa imenyesha vizuri, majani yamejaa. Nikamwambia Mama awaambie wasije.

"Niwaambie nini?" aliuliza.

"Waambie wapumzike. Mashine itamaliza kabla ya saa nne."

Akaliangalia shamba letu, ambalo limeinama kama paa la nyumba, akasema, "Kiprotich, chai hufuata mlima. Hiyo kitu yako inajua mlima?"

Nilitabasamu vile mtu hutabasamia mzazi. Nilikuwa nimetazama video za mashine hiyo mpaka macho yakawasha, zote za nchi za mbali ambako mashamba ni tambarare kama uwanja wa mpira, na chai imenyolewa sawa kama meza. Usawa ule ndio ulioniroga. Basi asubuhi ya siku yenyewe nikafanya kitu kidogo tu, kitu ambacho ningekiacha leo ningekuwa nawaandikia mambo mengine: nikafungua pimamaji ya simu, ile yenye povu la kijani linalotulia katikati kitu kikilala sawa, nikaifunga simu juu ya mashine kwa mpira wa tyubu.

Watu walikuja wengi. Mzee wa kijiji alikuja, kikundi chote kilikuja na simu zao juu, na wale wanawake watano walioambiwa wapumzike wakaja pia, na vikapu vyao mgongoni (mazoea, walisema). Mama Chebet akaniuliza, "Weri," yaani kijana, "na hiyo simu ni ya kupigia nani huko kwa majani?" Watu wakacheka. Nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu, kwamba atachuna kwa macho lakini mimi nitachuna kwa kipimo.

Rafiki yangu Kibet alishika upande wa chini wa mteremko, mimi wa juu. Tukawasha. Hatua chache tu Kibet akapiga kelele kwamba yeye ameinua mashine mpaka kifuani na mimi nimeinama mpaka magotini, kuna kitu hakiko sawa. Nikamwonyesha povu, liko katikati, zuri, halitikisiki. "Simu haidanganyi," nikamjibu, na nikavaa spika za masikioni ili nisisumbuliwe.

Hapo ndipo nilipopotea. Macho yangu hayakutoka kwenye lile povu. Nilisikia kwa mbali watu wakipiga mayowe nikadhani wananishangilia, nikaongeza mwendo. Mtu alirusha kofia nikadhani ni furaha. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, mfuko unajaa haraka kuliko video yoyote niliyowahi kuona, na mimi nawaza maneno nitakayosema mwishoni. Kilichonisimamisha ni mkono wa Mama juu ya mashine.

Nikainua macho. Kila mti wa chai ulikuwa umenyolewa upande wa juu wa mteremko mpaka kwenye matawi magumu, mweupe kabisa, na upande wa chini nywele zote zipo, kama mtoto aliyemkimbia kinyozi katikati. Mashine ilikuwa sawa. Mlima ndio haukuwa sawa, na mimi nilikuwa nimeukata mlima.

Vijana walikuwa wananirekodi, wengine wamekaa chini kwa kicheko. Wale wanawake watano hawakucheka. Mama Chebet alivua kikapu, akasema polepole, "Lakini tulikuwa hapa."

Nilitaka kuyamwaga yale majani, Mama akakataa, akayabeba mwenyewe mpaka kituo cha kuuzia, akapanga foleni, mimi nyuma yake kama mshtakiwa. Karani ni kijana niliyesoma naye. Aliyamwaga mezani, akatoa kijiti kinene kama kidole, akakishika akimwangalia Mama kwa heshima yote.

"Mama, hii ni kuni."

Mama alikuwa hajawahi kurudishiwa majani. Hata siku moja. Aliyaokota yote mbele ya foleni nzima.

Ilibidi chai yote ikatwe chini ili ichipue pamoja, na miezi yote ya kungoja Mama aliendelea kwenda kuchuna kwa wenzake ilhali kwake hakuna cha kuchuniwa. "Wasinisahau," alisema.

Na mngedhani kijiji kiliiogopa mashine. Hapana. Miezi hiyo ikielekea mwisho kikundi kilileta msichana kutoka Kedowa, hana simu mkononi wala nini, anailaza mashine vile mlima umelala, na shamba la Mama Chebet likaisha kabla ya saa nne, safi kabisa, kama nilivyoahidi mimi. Kisha shamba la pili. Kisha zamu zikafa, hakuna aliyetangaza.

Chai ya Mama ilipochipua aliamka mapema siku ambayo ingekuwa zamu yake, akapika chai ya watu sita na viazi, akangoja. Saa tatu ujumbe wa Mama Chebet ukaingia kwa simu yangu: "Weri, mwambie mama aite mashine, ni rahisi."

Sikumsomea. Alinisoma usoni, akachukua kikapu.

Siku hizi tunachuna wawili. Ile pimamaji niliifuta, na niliapa sitapima tena kitu cha mtu kabla sijamuuliza anayekijua kwa miguu, lakini kiapo hakiiti watu. Mama bado huongea akichuna, anatupa neno mstari wa pili, ambako hakuna mtu, akingoja wenzake wacheke. Mimi hujitahidi kucheka, lakini hucheka mapema au nikiwa nimechelewa.