Kahawia ya Baba Mdogo

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Tabora, muuza chapati mwenye sauti ya kuamsha maiti, aliniita kutoka upande wa pili wa ukuta: "Mama Msomi! Njoo unisomee hili dubwana!" Tangu nimalize kidato cha nne kwa masomo ya usiku, nikiwa na miaka arobaini na sita na miwani iliyofungwa kwa uzi, mtaa mzima umenigeuza ofisi. Barua za mahakama kwangu, karatasi za dawa kwangu, hata ugomvi wa mapenzi ulioandikwa kwenye simu, kwangu.

Safari hii lilikuwa boksi. Mkwe wake amemletea mjukuu ndege ya kivita ya kuunganisha: vipande vidogo vya plastiki vimeshikamana na vijiti kama vifungo kwenye kadi dukani, vikopo vya rangi vyenye ukubwa wa kizibo cha soda, tyubu ndogo ya gundi. Nikaifungua ile gundi, nikainusa, nikasonya. Msonyo ule ungeweza kufika Nzega bila kupumzika njiani. Jirani akadhani nimemsonya yeye. Nikamwambia hapana, dada, leta chai nikueleze. Na wewe msomaji wangu keti papo hapo, maana dharau yangu kwa hiki kidude ina umri mkubwa kuliko ndoa yangu.

Nimekulia Urambo, kwenye nyumba ambayo kila kitu kilinuka tumbaku. Blanketi zilinuka tumbaku, uji ulinuka tumbaku, katekista akija kutusalisha alipiga chafya mara sita kabla ya Amina. Asubuhi tulikula viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, tukasikia filimbi ya treni ikitoka Kaliua, ndipo kazi inaanza. Mimi kuni za bani, pale majani yanapokaushwa kwa moshi. Mdogo wangu, mtoto wa miaka sita mwenye mdomo wa miaka sitini, kufukuza mbuzi.

Lakini kazi yangu ya heshima ilikuwa kukaa na Bibi kwenye baraza akipanga tumbaku. Bibi hakujua kusoma hata jina lake, ila macho yake! Mteuzi wa tumbaku pale sokoni, mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuwa akimchungulia kabla ya kusema daraja. Jani moja kwake lilikuwa na rangi kumi na mbili. Alilishika likiwa bado na unyevu wa alfajiri, akanigeukia. "Mke mwenzangu, hili unalionaje?" Nikisema chungwa lililopauka, na kweli ni chungwa lililopauka, alilitupa kwenye fungu langu bila kulitazama tena. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyojua kumpa mtu, kutolitazama tena. Nilivimba kwa furaha mpaka gauni likabana. Sheria yake ilikuwa moja: rangi hutazamwa asubuhi, nje, kivulini. Chini ya taa, alisema, hata mkwe mbaya anapendeza.

Ndipo akaja Baba mdogo, mtoto wa mwisho wa Bibi. Alikuwa na kazi Dar es Salaam, na alikuwa amepelekwa ng'ambo miezi mitatu kusomea utunzaji wa ghala. Miezi mitatu! Alirudi hawezi kula ugali bila kuutazama kwanza kama ushahidi wa kesi. Alikuwa na picha na kila nguzo ya umeme ya huko. Na alikuwa na boksi kama hili la jirani.

Sasa elewa hali yangu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa. Wa sekondari walikuwa wachache, mimi si mmoja wao, na njia iliyobaki ilikuwa jembe. Baba mdogo akatangaza mbele ya watu kwamba atachukua mtoto mmoja aende naye Dar akasome, mtoto mwenye akili za kisasa, na kwamba akili hizo atazipima kwenye ndege. Ningebeba reli yenyewe kichwani kama angeniambia nibebe.

Akanifanya mpagazi. Mababu zetu walibeba pembe za ndovu za wenye mali kutoka hapa mpaka pwani, nami nikabeba kigoda, wembe, msasa, sahani ya maji na gazeti kutoka sebuleni mpaka chumbani, hatua saba, yeye akitangulia mikono mitupu. Ndani alifunga dirisha, akalitundikia blanketi, akaziba upenyo wa mlango kwa shuka. "Vumbi, binti. Vumbi ni adui wa fundi." Nje jua la saa nne linawaka, sisi ndani tumewasha chemli. Tukavuta harufu ya ile gundi siku nne mpaka nikaanza kuona mabibi wawili.

Bawa la kushoto akalibandika kulia. Akalibandua, akalaani kiwanda. Rubani, mtu wa ukubwa wa punje ya mchele, akadondoka; tukamtafuta kwa magoti nusu siku, na mdogo wangu akapiga kelele kutoka nje, "Kuku kamla!" Kisha rangi. Karatasi ya maelekezo ilitaka mabaka ya kijani na kahawia kama sare za askari, na kikopo cha kahawia kilikuwa kimekauka jiwe. Baba mdogo akasema huko alikosoma watu huchanganya wenyewe. Akachukua nyekundu, akatia bluu, akatia tone la manjano, akatia bluu tena, akainua brashi kwenye mwanga wa chemli. "Unaona? Kahawia ya kijeshi."

Mimi nilijua. Nilijua taa ile ya manjano inaficha bluu, nimekaa barazani misimu mitatu. Nikataka kusema, Baba mdogo, tutoe nje kidogo tutazame. Nikaiona Dar. Nikasema, "Imekolea."

Jumapili baada ya misa akawaita watu uani. Mwalimu mkuu akaja na tai yake, majirani wakaja, Bibi akaketi kwenye mkeka wake. Baba mdogo akatoka na ndege juu ya sinia, amevaa koti katika joto la kupasua mawe.

Ilikuwa zambarau, rafiki yangu. Zambarau na kijani, kama tunda lililoanza kuota ukungu. Mwalimu mkuu akakohoa, akasema ubunifu ni jambo zuri katika taifa.

"Mwanangu," Bibi akasema, "mbona zambarau?"

"Mama, hii ni kahawia ya kijeshi. Huko nilikosoma..."

"Ulisomea macho?"

Watu wakaangua kicheko. Baba mdogo uso ukamvimba. "Basi muulize mwanafunzi wako! Si ndiye unayemsifia kila siku? Tulichanganya pamoja. Sema, binti. Rangi gani?"

Bibi akanigeukia. Hakukasirika wala hakuniharakisha. Alikuwa akinisubiri, kama anavyonisubiri na jani.

"Kahawia, Bibi."

"Muongo!" mdogo wangu akaruka. "Zambarau! Hata kuku anaona!"

Baba mdogo akanishika bega. "Mnaona? Huyu ndiye nitakayekwenda naye." Na Jumatano akapanda treni, kidude chake mapajani, akaniambia nijiandae, ataniita. Nilijiandaa miaka miwili. Sanduku langu liliota mchwa kwa kujiandaa. Huyo ndiye mtu niliyemuuzia macho yangu: bwana wa ghala asiyejua kulia na kushoto kwa bawa. Nikisema namdharau, usidhani nimemaliza; katika foleni ile mimi niko mbele yake.

Bibi hakunigombeza hata neno. Alfajiri ya Jumatatu niliketi mahali pangu barazani, akashika jani, akanipita, akamwonyesha mdogo wangu. Mimi akanisukumia kamba. "Wewe funga," akasema. Nikafunga tumbaku mpaka nikaolewa.

Leo nikipita Urambo bani letu halipo, wamejenga fremu za maduka. Baraza imekuwa kibanda cha kuchaji simu. Katekista amekufa, mwalimu mkuu amekufa, na Baba mdogo, nasikia, yuko hai na bado anasimulia ng'ambo. Elimu niliipata mwenyewe, jioni baada ya jioni, katikati ya vijana walioniita shangazi.

Cheti nilipokipata nilimpelekea Bibi. Alikuwa mzee sana, macho yameingia ukungu mweupe, anatambua watu kwa sauti. Akakipapasa, akafurahi, akaniita mke mwenzangu kama zamani. Nilikuwa nimemletea na kanga mpya. Akaikunjua magotini.

"Ni ya rangi gani?"

"Kijani, Bibi. Kijani cha majani ya mpunga."

Na ilikuwa kijani, haki ya Mungu. Akaishikilia kitambo, kidole chake kikifuata pindo.

"Mwite mdogo wako," akasema, "aje anitazamie."

Nikainuka, nikaenda kumwita.