Bombe ya Mama Kahambu

Mama Kahambu, mzaliwa wa Butembo mwenye duka Walikale, hakupenda kushindwa. Vita vilipofunga barabara na rafu zake zikabaki na viberiti na chumvi tu, bidii yake yote ilihamia uwanja wa parokia. Huko, kila Jumapili baada ya misa, watu walicheza mchezo ulioachwa na mapadri wa zamani: unasimamisha vigingi tisa vya mti, unaviringisha tufe, waliloliita bulu, unaviangusha.

Na kila Jumapili alishindwa na Papa Luc, mwindaji wa Kinyanga. Tufe la Luc lilikuwa la libuyu, mti mgumu. La Kahambu, la mti mwepesi, liligusa kigingi cha mbele kisha likajiendea pembeni kama mgeni aliyekosea mlango.

"Bulu yangu iko na njaa," alimwambia Benoît seremala. "Tuilishe."

Mteja mmoja alikuwa amemzawadia jiwe la kasiterite, madini ya bati, kutoka Bisie, dogo kama ngumi lakini zito ajabu. Benoît alipasua tufe, akalichimba ndani, akatia jiwe, akaliunga kwa gundi. Kahambu akalirusha kwa maringo. Likaenda likiyumba kama mlevi wa kasiksi, likavipita vigingi, likaingia jikoni kwa masista na kupindua sufuria ya mboga ya sombe ya Sista Godelieve.

"Jiwe haikukala katikati," alisema Benoît, akijificha nyuma ya Kahambu.

Wakalipasua tena, wakalishindilia jiwe kwa unga wa mbao mpaka tufe, likiwekwa mezani, halikuelemea upande wowote. Sasa lilikwenda moja kwa moja, ila ngozi yake laini iliteleza kama sabuni kwenye udongo mbichi, likafika kwenye vigingi upande upande, bila nguvu.

"Tumbo iko bien," alisema Kahambu. "Ngozi njo mubaya."

Akachomoa mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki ya mumewe, Mumbere.

"Na pikipiki yangu, Mama?"

"Itaenda wapi, Papa? Barabara si imefungwa?"

Benoît aliukata mpira vipande, akalivisha tufe, akabandika. Jumapili hiyo raba iliishika ardhi, tufe likaviringika bila kuteleza, na uzito wa katikati ukalisukuma. Lilipogonga kigingi cha mbele halikukwepa. Lilipita ndani, likavizoa vya nyuma vyote.

Papa Luc alivua kofia. "Mama, hii haiko bulu. Hii iko bombe!"

Neno hilo, bomu, likaenda sokoni, likaacha mzaha wake huko, likafika kwenye barieri ya askari barabarani likiwa limenuna. Jumapili iliyofuata komanda aliingia uwanjani na watu wake, sare yake imepigwa pasi vizuri.

"Mama, bombe iko wapi?"

Kahambu alifurahi. Sifa zake zimefika mpaka jeshini! "Iko apa, Papa Komanda. Angalia vile ninaitupa."

Akarusha. Askari wote wakalala chini, komanda wa kwanza, kwenye tope. Vigingi tisa vikaanguka kwa kelele. Mumbere akaonekana akitembea kinyumenyume kuelekea kanisani.

Komanda aliinuka polepole, tope mpaka kwenye masharubu.

"Ile njo bombe?"

"Njo yenyewe, Papa. Inaua miti tu."

Komanda alilitazama tufe, akaligonga, akalipima mkononi. Kisha, badala ya kuitisha kamba ya kumfunga Kahambu, akapanga vigingi mwenyewe na kurusha. Tufe likaenda jikoni kwa masista. Askari wakapiga makofi kwa nguvu.

"Bure," alisema Papa Luc. "Hakuna kigingi hata kimoja."

Askari wakaacha kupiga makofi.

"Muzee iko sawa," komanda akasema, akaenda mwenyewe kumwomba Sista Godelieve tufe. Alirudi bila kofia. Sista aliizuia mpaka sufuria iliyopinduliwa tena ioshwe.

Miezi michache baadaye askari wale walipelekwa mstari wa mbele. Barabara ilipofunguka Kahambu alirudi Butembo, na tufe akamwachia Papa Luc, mpinzani wake. Kila msimu wa mvua Luc hulibadilishia raba, na hamruhusu mtu yeyote kuliita bulu.