Udongo wa Shimo la Mafuta

Nyie vijana mtakaoyasoma haya, mie sikusoma ila chuoni kwa Kurani, juzuu chache, na herufi hizi nimejifunza ukubwani. Msinitafutie makosa. Someni tu.

Juzi mjukuu wangu kamwaga dizeli ya jenereta uani, mvua ikainyeshea. Harufu ile ya dizeli na udongo ulioroa iliponifika puani nikatema mate, nikatema tena. Wakadhani naumwa. Siumwi. Nilimkumbuka dada yangu, Mize.

Nilikuwa sijavunja ungo, kabla ya Mapinduzi, wazungu wa kutafuta mafuta ya ardhini walipokuja bondeni kwetu, upande wa kwendea Chokocho. Walikata mikarafuu, wakasimamisha mnara wa chuma mrefu kushinda mnazi wowote, na mashine ikanguruma kutwa hata kuku wakaacha kutaga. Wanaume walifurahi, maana walipata kazi ya kubeba magunia. Mengine yalikuwa na unga mweupe unaobabua mikono. Wakirudi jioni walijipaka mafuta ya nazi, wakaoneshana malengelenge na kuchekana.

Sasa udongo. Kwetu mwanamke akiwa na mimba hutamani kula udongo, na wetu tukiuchimba ukingoni mwa mto, mlaini, unanukia kama mvua ya kwanza. Wazungu wakaupiga seng'enge ukingo ule. Kisha kando ya mnara wakachimba shimo pana, wakawa wanamimina humo tope la kijivu lililotoka chini kwa mashine. Likikauka pembezoni lilipasuka vipande vipande, laini kama wanga, halina hata chembe ya mchanga. Wanawake wakaonja. Wakasema huu umetoka chini kabisa, haujakanyagwa na mtu wala mnyama, udongo safi ndio huu. Una harufu ya mashine kidogo, lakini ukiubanika mekoni inatoka.

Mize alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka. Mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, Bi Time, alikwishatangaza mbele za watu kwamba na hii ikitoka, Mize akunje mkeka wake arudi kwao. Basi dada yangu alijichunga. Hakubeba mtungi, hakupanda kilima, mchana wa jua kali hakutoka nje. Kitu kimoja tu kilimshinda, na kitu hicho ni udongo. Aliufuata mwenyewe pamoja na wenziwe, mie nikiwa nyuma nacheza.

Kule kambini palikuwa na mpishi, Faki, mtu wa mjini, mcheshi, aliyefuga mbuzi wa kitoweo cha wazungu. Mbuzi hao walikuwa wakifungwa karibu na shimo. Siku moja tukakuta wamehamishiwa ng'ambo, mbali, na kamba zao zimefupishwa. Mize akamuuliza kulikoni.

"Bwana mkubwa hataki walambe lile tope," akasema Faki.

"Mbuzi wa mzungu huyo, Mize," mwenziwe mmoja akamtania. "Usijilinganishe naye. Wewe kula."

Tukacheka sote. Faki naye akacheka. Kikapu chetu kilichojaa udongo alikiona, kilikuwa mbele ya macho yake.

Haukupita muda mrefu Mize akaota vidonda mdomoni. Akawa hawezi pilipili, hawezi ndimu, tumbo linamkata. Bi Time akasema ni mdomo wake mchafu, kamsema mtu vibaya, analipwa. Akaletewa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, akanywa. Akafukizwa. Na kila akitapika, akitaka kuutoa uchungu kinywani, alitia kipande cha udongo ule ule.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake. Mie nilikuwa natia kuni chini ya sufuria ya maji, nikamwona mkunga akimgeuza, akimpulizia, kisha akaacha. Alikuwa mwanamume. Hakulia. Bi Time hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akasema maneno haya, na mie nayaandika kama alivyoyasema:

"Tumbo lako kaburi. Nenda ukazikie kwenu."

Talaka ikaja hata arobaini haijesha.

Mafuta hawakuyapata. Wakang'oa mnara wao wakaenda, shimo wakaliacha wazi. Masika yalipokuja likafurika, likamwagikia mtoni, na mpunga wa bondeni ukawa manjano. Mwaka ule walizikwa wachanga wengine, na kila nyumba ikamtafuta mchawi wake. Mjane mmoja mzee alipigwa hata akahama. Hakuna aliyelitaja shimo.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikawa na mimba ya kwanza. Siku hiyo nilikuwa nawahamisha mbuzi wangu wasile majani ya muhogo mchungu. Kamba iko mkononi, nikasimama. Mtu hamhamishi mbuzi ila ajue kinachomuua. Wale wa kambini walijua. Waliwaona dada zetu wakija na vikapu, wakawaonea huruma mbuzi.

Nikaenda mbio kwa Mize. Alikuwa anatwanga. Nikamweleza yote, nikilia, nikidhani nampelekea kitu cha kumtua mzigo. Aliendelea kutwanga mpaka nikanyamaza.

"Mbuzi wale walikuwa na mwenyewe," akasema. Akaendelea kutwanga.

Hakuolewa tena. Watoto wa njiani walimwita Bi Kaburi, nikawachapa, wakazidi. Alikufa nalo jina hilo, na mie naamini mwenyewe alilikubali.

Sasa mke wa mjukuu wangu ana mimba, na nimemwona anatafuna udongo. Nikawakusanya wote, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: mwenye mimba katika nyumba hii, udongo wake nauchimba mie, kwa jembe langu, na wa kwanza kuula ni mie. Atakayeokota wa kwengine, asilale humu.