Betri Kati ya Michembe

Chaja ya simu ya mjukuu wangu ikipata moto, inanukia kama lile jiwe letu la kuanikia michembe. Betri za redio zikichoka, mama alizianika hapohapo zipate nguvu tena, katikati ya vile vipande vya viazi. Shangazi anabweka, "Zitie jikoni, wewe!" Baba naye, akisemea puani, "Ohoo, zitawapasukia machoni, mtaangalia na nini?"

Siku moja mama alikuwa anangoja salamu za redioni. Mdogo wake alikuwa machimboni Geita, na tangu masika hatukujua kama yu hai. Betri zikarudishwa zingali vuguvugu. Mtangazaji, kwa madaha, akalitaja jina la mjomba, "anamwamkia dada yake, shikamoooo..." Sauti ikazama kama ng'ombe anayesinzia.

Mama akaikumbatia ile redio iliyokufa.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema. "Marahaba."