Plasta Mpya Kwenye Gongo la Namba Tisa

"Mlimbadilisha mtoto wa watu kama mtungi wa gesi! Mkaacha mmoja, mkabeba mwingine!"

Aliyekuwa akifoka ni Nehemiah, dereva wa kampuni, nje ya dirisha la stoo yangu. Norman, kapteni wa timu yetu ya hoki, hakukubali kulala chini.

"Kombe tulichukua, ama hatukuchukua?"

"Kombe la plastiki!"

"Kombe ni kombe, bosi. Tulikuwa na washambuliaji watano na golini hakuna mtu. Ulitaka tusimamishe ngamia?"

Wachezaji wengine wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Wakati wao wanarushiana maneno, mimi ndani ya stoo nilikuwa nimeshika gongo la namba tisa. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa plasta nyeupe, mpya, bado inanukia dawa.

Mwenye gongo hilo tulikuwa tumemsafirisha nyumbani ndani ya sanduku. Alizikwa kwao Malava, Kenya, miezi minane kabla ya Ijumaa hiyo.

Nieleze vizuri, msije mkasema nimechanganyikiwa na joto.

Ilikuwa Riyadh, mwaka 2018. Nilikuwa mtunza stoo wa kampuni moja ya usafi, kambi yetu nyuma ya Al-Sulimaniyah. Nina diploma ya mambo ya stoo, kwa hivyo hata fomu za ofisi nilitupiwa mimi nizichape. Wanaume hawakuingia kwangu ovyo. Kila kitu kilipitia dirishani: sabuni, mopu, glavu, na kila Ijumaa asubuhi, magongo.

Derrick alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kusafisha vioo vya maofisi kule Olaya. Hoki aliijulia shuleni, na akiwa na mpira kwenye gongo lake, Wapakistani wenyewe, watu wa hoki, walikuwa wanasimama kumtazama.

"Mathe, nipe silaha yangu," alikuwa akisema pale dirishani. "Na plasta kidogo. Huu mpini unateleza kama mwanasiasa."

Nilikuwa nampa kutoka kwa sanduku la huduma ya kwanza. Aliifunga kuanzia chini kwenda juu, kisha mwisho anaacha kimkia kidogo kinaning'inia. Ukiona kimkia, umejua ni la Derrick.

Sasa hiki kimkia kilikuwa kinanitazama.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu mazishi, kila Ijumaa nikifungua stoo nalikuta gongo lina plasta mpya na kimkia chake. Nililificha nyuma ya mapipa ya dawa ya sakafu. Ijumaa iliyofuata likawa limerudi mahali pake, namba tisa. Nililifunga ndani ya gunia la matambara. Likatoka.

Ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja, na unalala shingoni mwangu.

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimezaa watoto watatu, wawili bila daktari. Lakini nilianza kusali nikigeuza ufunguo mlangoni.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Wazo la kumbadilisha Derrick lilikuwa langu.

Norman analitetea tu. Mimi ndiye niliyesema. Chuoni nilikuwa kipa, na nilimwambia wazi: timu bila kipa ni nyumba bila mlango, hata ukiwa na viti vizuri namna gani. Tawi letu la Jeddah lilikuwa na kipa hodari, Zacharia. Tumtoe mshambuliaji mmoja, tumlete kipa.

Fomu ya uhamisho ilikuwa na kisanduku: Sababu.

Ningeandika "mahitaji ya kampuni", ingebidi meneja wa Jeddah apige muhuri, na kombe lingetupita. Ukiandika "ombi la mfanyakazi", inatosha sahihi ya mudiri, yaani meneja wetu wa Riyadh, na huyo alitia sahihi kama mtu anayefukuza nzi.

Nikaandika: Ombi la mfanyakazi.

Derrick alitia sahihi bila kusoma. "Mathe, mbona Jeddah? Dada yangu yuko hapa."

"Wiki mbili tu, mwanangu. Kombe likiisha unarudi. Yalla, gari linakungoja."

Tulichukua kombe. Zacharia alidaka penalti tatu kwenye fainali. Nikaenda kwa mudiri kumwomba Derrick arudishwe.

Akatoa fomu yangu mwenyewe kwenye faili. "Si aliomba? Halas, imekwisha."

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja tu: Hakuomba, niliandika mimi. Lakini fomu ya uongo ingenitoa kazini, ikama, kibali changu cha kuishi, ingekatwa, na nina watoto. Nikasema "Sawa, mudiri," nikarudi kuhesabu sabuni.

Wiki ya tatu, gari lililokuwa likiwapeleka kusafisha nyumba moja huko Aziziya, Jeddah, liligongwa na lori. Wanne walitoka na majeraha. Derrick hakutoka.

Sasa rudini dirishani.

"Dada yake anasafiri leo jioni," Nehemiah alisema, sauti imeshuka. "Mourine. Mkataba umeisha. Naenda uwanja wa ndege kuchukua wageni kumi na mmoja kutoka Nairobi, nitamkuta huko. Sikieni alichonitumia, halafu mniambie habari ya kombe."

Akabonyeza simu.

Mourine alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, mitaa michache tu kutoka kambini. Sauti yake ilitoka nyembamba, kama mtu anayezungumza ndani ya kabati.

"Nehemiah, nikifika nitamwambia mama ukweli. Mimi ndiye niliyemfukuza Derrick. Tuligombana, nikamwambia toka machoni pangu, hukuja Saudia kuchezea maisha. Wiki iyo hiyo akaomba kuhamishwa. Nimeona kwenye karatasi zake, imeandikwa aliomba mwenyewe. Mama akitaka kunilaani, anilaani."

Hakuna aliyecheka tena. Hata Norman aliinamisha kichwa.

Miezi minane msichana huyo alikuwa amebeba maneno yangu matatu akidhani ni yake.

Na pale pale hofu ikageuka hasira. Nikapiga gongo kwenye kizingiti cha dirisha.

"Nani anachezea kitu cha marehemu? Nani anafunga hii plasta?"

Kisha mtu akasukuma wenzake taratibu, akaja mbele. Zacharia, kipa wetu. Mwanamume mkubwa, mikono kama makasia.

"Ni mimi, Mama Terry."

"Wewe? Unaingiaje kwangu?"

"Si kila Alhamisi tunakubebea maboksi ya sabuni ndani? Wewe unakaa dirishani unahesabu. Nafunga haraka, natoka."

Mizimu yote ile, kumbe inapita mgongoni mwangu na boksi begani.

"Kwa nini?"

"Siku tuliyobadilishwa, magari mawili yalikutana njiani, kituo cha mafuta. Mimi nashuka hili, yeye anapanda lile. Akanishika mkono. Akasema, 'Bro, gongo langu liko kwa mathe wa stoo. Kila wiki libadilishie plasta, jasho la watu likikaa linaharibu mpini. Nimeahidiwa wiki mbili tu, nataka nilikute tayari.'"

Akaugusa mpini wa gongo.

"Nikamwahidi. Alipofariki, nilijaribu kuacha. Nikashindwa. Sikujua nitamwambia nani kwamba nimeacha."

Norman aligeuka polepole. "Wiki mbili? Nani alimwahidi wiki mbili? Fomu si inasema aliomba kuhama?"

Wote wakaniangalia. Wanaume kumi na wawili na dirisha moja.

Zacharia peke yake alitazama chini. Alikuwa amejua muda wote nani aliahidi. Miezi minane alikuwa akiingia kwangu, ananisalimia, anatimiza ahadi yake, na hakuwahi kunitaja.

"Mimi," nikasema. "Hakuomba. Niliandika mimi, ili tupate kipa."

"Mama Terry, ukisema hivyo nje ya hapa, mudiri atakupakia kwenye ndege," Norman akanong'ona.

"Basi nitapata kiti."

Nilichana karatasi ya daftari la stoo. Nikaandika kwa kalamu nzito: *Derrick hakuomba kuondoka Riyadh. Nilimwandikia mimi bila yeye kujua. Siku anaondoka aliuliza habari ya dada yake. Alitaka kurudi.* Nikaweka jina langu lote la kitambulisho, na sahihi.

Nikampa Zacharia karatasi, gongo na plasta. "Funga."

Akaizungusha karatasi mpinini, akafunga plasta juu yake, kutoka chini kwenda juu. Akaacha kimkia.

"Nehemiah, washa gari. Mpe mkononi. Mwambie afungue kabla hajapanda ndege."

Dereva hakubishana tena. Huku injini ikinguruma, mimi nilikuwa nimeshampigia Mourine. Ningengoja dakika moja zaidi, woga ungenirudisha kuhesabu sabuni.

Nilimwambia yote. Hakulia, hakunitukana.

Akauliza, "Kwa hivyo hakuwa amenikasirikia?"

"Hapana, mwanangu. Alikuwa ananisumbua mimi, anataka kubaki karibu nawe."

Nikasikia akivuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyetua mtungi.

Mpaka leo vijana wakikutana hubishana kama tulifanya vyema kumtoa Derrick. Mkiniuliza mimi, kwa upande wa hoki tulifanya sawa kabisa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Funzo langu ni fupi. Usimwandikie mtu mwingine sababu. Wewe unaijaza kwenye kisanduku kidogo cha fomu, na mtu usiyemfikiria hata kidogo ndiye atakayekwenda kuibeba.

Nilipokata simu, nilivua ufunguo shingoni, nikampa Norman dirishani. Nikatoka kwa mlango, nikaenda moja kwa moja kugonga kwa mudiri.