Toa Wavu Kwenye Mawe

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja kule kijijini Kagunga, kando ya ziwa, nikiwa kijana mwenye nguvu na kichwa kigumu. Wavu wangu ulikuwa umetobolewa mara ya tatu, na mtoboaji nilimjua: fisi maji, yule mnyama wa manyoya anayevua samaki kama sisi. Makao yake yalikuwa kwenye mawe ya ufukweni.

Marehemu baba, aliyenifundisha uvuvi, hakutega kamwe kwenye mawe yale fisi maji wakiwa na watoto. Mimi nikaona ni woga wa kizee. Nikautega wavu makusudi mbele ya pango lao, nikaufunga mawe uzame vizuri.

Kesho yake asubuhi nikamkuta fisi maji jike, mama wa watoto, amenasa. Mnyama yule huvuta hewa kama mimi na wewe. Alikufa kwa kukosa pumzi, juu ya maji pakiwa karibu tu, vidole vimejisokota kwenye nyuzi. Nilifurahi, sikufichi. Nikampelekea baba.

Hakunigombeza. Alinirudisha kwenye mawe, akasema, "Kaa hapo, usikilize." Ndani kabisa ya pango, mkono usikofika, watoto walikuwa wakilia, vijisauti vyembamba kama vya vifaranga. Walilia siku tatu. Ya nne wakanyamaza.

"Sasa wavu wako uko salama," baba akasema. Hakulitaja tena jambo lile mpaka anakufa, na mimi sikuwa na uso wa kumwomba radhi.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu pomboo wa mito ya mbali, wanaoishi maji baridi kama haya yetu. Nao huvuta hewa, nao hufia nyavuni. Kuna mto mmoja, akanisomea, watu wamewatafuta wakawakosa kabisa. Machozi yakanitoka. Alidhani nawalilia pomboo.

Jana ulipokuja kunisalimia hapa Mwanga ninakoishi sasa, ulisema umewaona fisi maji wawili kwenye mawe yale yale, wamekuchania wavu, na unajua la kuwafanya. Nikakuaga tu, ukaondoka. Miaka yote hii nilidhani nimewamaliza.

Mwanangu, kautoe wavu wako pale leo. Tega mbali, hata kama utapiga kasia zaidi. Ule uliochanika niletee, mikono yangu bado inashona.

Mungu akupe riziki pana, na akikufikisha umri huu, akujalie usisikie ninachosikia mimi.