Maji ya Mungu

Wiki iliyopita nilipita Kicukiro kumsalimia rafiki, nikajikuta nimesimama mahali ilipokuwa nyumba tuliyokulia. Imebomolewa, ndugu yangu. Pamejengwa ghorofa, na uani bomba lilikuwa linamwaga maji bila mtu kulijali. Bibi angewatukana wote.

Enzi zetu maji yalitoka yanapotaka yenyewe. Tulipanga jerikani za njano kwenye bomba la mtaani tangu alfajiri, tukagombania foleni, tukapanda mlima shingo zikiuma. Hata hivyo bibi hakukubali tumalize mtungi. Kila jioni, tukishakula ndizi na maharage na kuosha vyombo, alibakiza kiasi, akafunika. Ndivyo walivyofanya wanawake wa Rwanda tangu zamani: waliacha amazi y'Imana, maji ya Mungu, ili akija kupumzika usiku ayakute, ayatumie kuwafinyanga watoto wa nyumba hiyo tumboni mwa mama zao. Bibi aliishi ukimbizini Tanzania miaka mingi, na huko nako aliyabakiza kila jioni. Mchungaji alimtania kwamba huo ni ushamba. "Wewe hubiri," alimjibu. "Mimi namjua anayelala kwangu."

Kisha mama yangu, binti yake wa pekee, akaenda hospitali kujifungua. Akafariki, yeye na mtoto.

Jioni tuliyotoka makaburini, bibi aliubeba mtungi hadi uani, akamwaga maji yote, akauacha umelala kifudifudi. Nikamuuliza, sasa Mungu akija?

"Akachote mwenyewe," akasema. "Njia ya bombani anaijua."

Hofu iliyonishika sijui nikuelezeje. Mama ameondoka, na sasa niliona tumemfukuza Mungu pia. Jumapili bibi alikwenda kanisani kama kawaida, kitenge kimepigwa pasi, lakini wenzake wakiimba yeye alikaa kimya, mikono mapajani. Waliokuja kutuambia ni mapenzi ya Mungu aliwajibu, "Kunyweni chai, inapoa." Akiwa peke yake chumbani nilimsikia akisema, "Nilikukosea nini? Nijibu." Nilikuwa mdogo, sikujua kwamba ile nayo ni sala.

Miezi ikapita. Kiangazi kikaingia, bomba likakauka kabisa. Jirani yetu, mke wa kinyozi, aliyekuwa akituletea mboga tangu siku za msiba, alikuwa mjamzito, tena amekaribia. Siku moja alikuja akakaa kibarazani, akaanza kulia.

"Mama, mimi iko na woga. Ile ya binti yako inanirudia kichwani."

Bibi hakumhubiria. Alimshika mkono mpaka akatulia, kisha akamsindikiza kwake. Aliporudi aliusimamisha mtungi. Tulibakiwa na jerikani moja tu, ya kupikia kesho. Akamimina nusu yake, akafunika. Nilifurahi mno, nikamuuliza kama amemsamehe Mungu.

"Haya ni ya mtoto wa jirani," akasema. "Mimi na Yeye bado hatujaelewana. Lakini yuko kazini, mjukuu wangu, siwezi kumnyima maji."

Jirani alijifungua msichana. Bibi alimpakata, akalia mchana kutwa, na wala sijui ilikuwa furaha au uchungu. Tangu hapo hakukosa kuyaacha maji, na kanisani akarudi kuimba, ingawa kwa sauti ya chini kuliko zamani. Kule chumbani aliendelea kuuliza. Alikufa mzee sana, na kama aliwahi kujibiwa, hakuniambia.

Siku hizi nasali Remera, kanisa lenye vipaza sauti na viti laini. Mwaka huu nimemzika mume wangu. Watu wananisifu kwa uvumilivu, nami naitikia amina kwa adabu zote. Naikumbuka nyumba ile kwa sababu ndani yake mtu aliweza kumkasirikia Mungu waziwazi na bado akaishi naye. Mimi nasali kila siku, kwa maneno mazuri. Nina swali moja tu la kumuuliza, na bado sijathubutu.